Kaka Rashidi, nakuuliza kuhusu mkebe wa kahawa

Jumapili jioni

Kaka Rashidi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi pamoja na wajukuu, na kwamba ule mguu umeacha kukusumbua tangu mvua zikatike. Sisi huku hatujambo. Mama Zuhura amefanyiwa upasuaji wa macho na sasa anamweleza kila mmoja wetu jinsi alivyozeeka. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa mwenzetu Kileo, na kwamba ulinipigia simu mara mbili nisipokee. Hayo nitakuomba radhi siku nyingine, kwa kuwa leo nina jambo moja linaloninyima usingizi, na jambo lenyewe lina mwandiko wako.

Majuma mawili yaliyopita umeme ulikatika usiku kucha na jenereta, kama ilivyo desturi yake, ikakataa kuwaka. Asubuhi tukaanza kuhamisha sampuli kutoka kwenye lile friza la zamani la pembeni, ambalo wewe ulikuwa ukiufunga mfuniko wake kwa kamba ya mkonge. Chini kabisa, ndani ya barafu yenye unene wa kiganja, tulikuta mkebe wa kahawa. Ndani ya mkebe mlikuwa na vichupa 12 vilivyoviringishwa kwa shashi, na kila kimoja kilikuwa na kipande cha plasta ya kidonda kilichoandikwa kwa wino: RP KO 91. Sikuhitaji kuuliza aliyeandika ni nani, kwa maana katika maabara ile hapakuwa na mtu mwingine ambaye tarakimu yake ya tisa ilikuwa na mkia uliopinda kama ndoana. Rita, binti yetu mpya, akauliza kama RP ni kifupi cha ripoti. Nilicheka, kisha kicheko kikaniishia, kwa sababu RP ni rinderpest, yaani sotoka, ile tauni ya ng'ombe, na ilipotangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 2011, Rita alikuwa bado shule ya msingi.

Sasa nieleze kinachonikosesha usingizi. Herufi na tarakimu hizo zinasomeka kwa njia mbili, na tofauti kati ya njia hizo ni kubwa mno. Njia ya kwanza ni kwamba KO ni Kabete O, ile aina ya kirusi cha sotoka ambayo mtafiti Plowright aliihamisha kutoka kizazi kimoja cha seli za figo za ndama hadi kingine pale Muguga, Kenya, mara tisini hivi, mpaka kikapoteza ukali wake na kuwa chanjo. Hapo 91 itakuwa idadi ya mara zilizooteshwa, nasi tutakuwa tumekuta mbegu ya chanjo, kitu ambacho wewe na mimi tulikidunga kwenye shingo za ng'ombe wasiohesabika. Njia ya pili ni kwamba KO ni Komolo na 91 ni mwaka. Unaikumbuka safari ya Komolo? Gari lilizama kwenye tope jeusi, tukalala kwa yule mzee aliyetupa maziwa yenye moshi, na asubuhi ukapasua mzoga wa mtamba ambaye machozi yalikuwa yamemkaukia mashavuni na ufizi wake umetapakaa vidonda kama pumba zilizomwagwa. Nakumbuka ulipoufungua utumbo wa nyuma ukaniita nije nione michirizi myekundu, mmoja baada ya mwingine, kama ngozi ya pundamilia. Ulichukua mitoki na kipande cha wengu. Majibu, kwa kadiri ninavyokumbuka, hatukuyapata kamwe, na kila mtu akasema huenda ilikuwa homa ya nyumbu au ugonjwa mwingine unaofanana nayo.

Utaniuliza kwa nini nisifungue kichupa kimoja nikakipima, nikamaliza ubishi kwa siku moja. Kaka, siruhusiwi, na safari hii naikubali kanuni bila kunung'unika. Tangu 2011 nchi wanachama walikubaliana kwamba mtu yeyote asishughulike na kirusi hai cha sotoka bila idhini ya FAO na shirika la afya ya wanyama duniani, na kwamba akiba zote ama ziteketezwe ama zipelekwe kwenye maabara chache zilizoidhinishwa. Kwa Afrika, maabara hiyo ni PANVAC, kituo cha chanjo za mifugo cha Umoja wa Afrika, pale Debre Zeit, Ethiopia. Hata wale wa maabara ya Pirbright, Uingereza, waliokuwa na sampuli zaidi ya 3,000, walizisoma vinasaba vyake kisha wakaziteketeza mwaka 2019. Wewe unajua sababu kuliko mimi. Kilichotuwezesha kuishinda sotoka ni kwamba kirusi chake kilikuwa cha namna moja tu kwa chanjo, ng'ombe aliyepona au kuchanjwa hakuugua tena maisha yake yote, na hapakuwa na mnyama mmoja aliyeweza kukibeba mwilini kimya kimya kwa miaka. Lakini chanjo ilipokoma, ng'ombe wote waliozaliwa baadaye wakawa kama wale wa miaka ya 1890, ambao waliangamia Umasaini mpaka wazee wakauita wakati ule Emutai, yaani maangamizi. Kikiwa juani, kirusi hiki hufa kwa muda mfupi. Ukikiweka kwenye friza, hukaa kikikusubiri.

Usidhani ninatia chumvi. Mwaka 2014 huko Bethesda, Marekani, walikuta vichupa vya ndui vya miaka ya 1950 vimesahauliwa kwenye chumba cha baridi, zaidi ya miaka 30 baada ya ndui kutangazwa kuwa imetokomea. Kama wale wenye mahesabu na kompyuta za kila kitu walisahau, sisi tuliokuwa tukiandika kwenye plasta ya kidonda tutasemaje?

Kwa hiyo nilifanya linalopasa. Mkebe nimeuweka ndani ya kontena la pili, nimelifunga, nimeandika tarehe na kutia sahihi mbele ya mashahidi wawili, kisha nimetoa taarifa wizarani. Wamejibu kwa adabu na kwa haraka ambayo sikuitarajia, wakitaka jambo moja tu: historia ya sampuli. Nimeutafuta ule muhtasari wa friza, daftari lenye jalada la kijani. Lipo, lakini kurasa za kuanzia 1989 hadi 1993 zimeliwa na mchwa kwa uangalifu kabisa, utadhani walipewa maelekezo. Kwa maana hiyo kumbukumbu yako, kaka yangu, ndiyo kipimo pekee ninachoruhusiwa kutumia.

Ninakiri pia jambo ambalo sijalisema ofisini. Nina tamaa. Unakumbuka jinsi nyati na tandala wadogo walivyokufa Tsavo mwaka 1994, tandala wakitangatanga wamepofuka, na kirusi kilipochunguzwa kikaonekana ni cha ukoo wa pili wa Afrika, ambao haukuwa umeonekana tangu miaka ya 1960? Ulikuwa wapi ukoo ule kwa miaka yote 30? Ulijificha kwenye mifugo ya nani? Mwaka 1997 ulipovuka kuja kaskazini kwetu, ng'ombe waliugua kwa upole kiasi kwamba wafugaji wengine hawakujua kama wanaugua, nami nadhani katika upole huo ndimo ulimokuwa ukijificha muda wote. Sasa fikiria, kama vile vichupa ni mitoki ya Komolo ya 1991, miaka mitatu kabla ya Tsavo, na kama yule mtamba alikuwa na sotoka kweli... Basi. Najikata kauli mwenyewe. Lakini nalala nikiiwaza ile michirizi ya pundamilia, naamka nikiiwaza.

Na kwa nini mtamba yule aliugua vikali namna ile, ikiwa ukoo wa pili ulikuwa mpole kwa ng'ombe? Hilo linanirudisha nyuma kila mara. Pengine ilikuwa homa ya nyumbu kweli, na mimi ni bibi anayekaribia kustaafu anayetafuta jambo la kuagia kazi.

Nikitoka maabara nakutana na mambo yale yale kwa sura nyingine. Ndugu yake sotoka, ile ya mbuzi na kondoo ambayo ilithibitishwa nchini mwaka 2008, bado ipo, na lengo la dunia ni kuimaliza ifikapo 2030. Juzi nilikuwa kwenye boma moja ambako mbuzi walikuwa wakikohoa na kuhara, nikamsikia mfugaji akisema ni homa ya mapafu, kwa hiyo amewachoma sindano ya antibiotiki aliyoinunua mnadani. Nilimwangalia mbuzi mdomoni, nikaona zile pumba. Sikusema kitu kwa muda mrefu, kaka, nikanusa tu ile harufu. Vijana wa siku hizi wana vifaa vya kupata majibu kwa saa chache, lakini pua yako hawana, wala mimi sina.

Basi nijibu haya kwa utaratibu, na uandike kwa mkono, usinitumie ujumbe wa sauti, kwa kuwa barua yako itaambatanishwa kwenye faili. Je, ulipokuwa ukiandika KO ulimaanisha Kabete au Komolo? Tulipata lini mbegu ya chanjo kutoka Muguga, na ilikuja kwenye vichupa vya kioo chenye kofia ya alumini au vya plastiki? (Hivi ni vya plastiki, vyenye kofia nyekundu.) Sampuli za Komolo uliziweka vichupa vingapi? Kileo, Mungu amrehemu, alichukua nusu yake kwenda kuzipeleka ng'ambo kupimwa, au zile zilikuwa za safari ya Loliondo? Una daftari lako la mfukoni la miaka ile, au wifi alilitumia kuwashia jiko kama alivyokuwa akitishia? Na kubwa kuliko yote: pale Komolo, ulipoinuka kutoka kwenye ule mzoga, ulinitazama ukasema neno kwa Kisambaa, nami sikukuuliza maana yake. Ulisema nini?

Wizara imenipa hadi mwisho wa mwezi. Friza limefungwa kwa kufuli, ile kamba ya mkonge nimeitunza kwenye droo yangu.

Dada yako,
Flora