Reli ya magogo ya Alishan, someni kabla ya Jumamosi

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi saa 3 usiku tunajadili reli ya Alishan, Taiwan, iliyojengwa na Wajapani kushushia magogo ya misaiprasi. Upana wa njia ni milimita 762. Treni zilifika kituo cha Erwanping, njiani kupanda Alishan, mwaka 1912.

Injini ya Shay, injini ya mvuke yenye gia iliyotumika kwenye reli hii, itazameni vizuri. Silinda zimesimama wima upande wa kulia, zinazungusha shafti inayopeleka nguvu kwa gia hadi kila ekseli. Ndiyo maana boila limesogezwa kushoto, kusawazisha uzito. Mwendo wake wa kobe, ila kwenye mwinuko wa asilimia 6.25 magurudumu ya injini ya kawaida yangeteleza tu. Kwenye mlima Dulishan, njia inauzunguka mlima mara 3. Juu zaidi ni zigizagi: treni inafika mwisho wa reli, njia inageuzwa, inapanda kinyumenyume.

Mnaoleta picha, tafadhali: Shay ya tani 18 ina silinda 2, ya tani 28 ina 3. Msizichanganye.