Shangazi, yupo Mgiriki aliyekuunga mkono

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Ile bangili ya marehemu bibi uliyotuonyesha Idi iliyopita haijanitoka kichwani. Uliifungua kwenye kitambaa, rangi imegeuka kama samli, ufa mwembamba upande mmoja, ukasema, "Hii ni pembe." Baba akadakia kwamba tembo hana pembe, ana meno. Mkabishana mpaka chai ikapoa. Mimi nilinyamaza, lakini tangu siku ile nalifuatilia neno moja la Kigiriki cha kale, elephas, lenye maana ya pembe na pia ya tembo, na ubishi wenu nimeukuta humo.

Wagiriki waliijua pembe kwanza, tembo baadaye. Kwenye vibao vya udongo vya Pylos, mji wa kale wa Ugiriki, vilivyookwa na moto ule ule ulioteketeza jumba la mfalme yapata mwaka 1200 KK, makarani waliorodhesha meza na vibago vilivyonakshiwa kwa elephas. Homer, mshairi wao wa kale, naye neno analo, mnyama hana. Menelaus, mfalme katika utenzi wake wa vita vya Troya, anapopigwa mshale, damu inamchuruzika mapajani, na Homer anaifananisha na pembe ambayo mwanamke wa Caria, nchi ya kale katika Uturuki ya leo, anaipaka rangi nyekundu iwe pambo la shavuni mwa farasi. Kila nikisoma hapo naiona bangili ya bibi. Tembo mwenyewe hatajwi popote. Ni katika karne ya 5 KK ndipo Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anaandika elephas akimaanisha mnyama, anapowataja wanyama wa Libya, jina walilolitumia kwa Afrika.

Neno lenyewe wataalamu wengi wanaliona la kuazima, na mwisho wake hulinganishwa na jina la Kimisri la tembo. Kile kisiwa cha Aswan ambacho Wamisri walikiita Abu, Wagiriki walikiita Elephantine.

Sasa Pausanias, Mgiriki niliyemtaja juu. Huyu mwandishi alizunguka Ugiriki katika karne ya 2 BK, akafika Olympia penye sanamu ya Zeus, mungu wao mkuu, aliyoitengeneza mchongaji Pheidias kwa dhahabu na pembe. Hapo akasimamisha maelezo yake ili awakosoe wanaosema ni meno. Alishikilia kuwa ni pembe kabisa: zinaota kutoka kwenye panja zikishuka chini, na moto huzilainisha zikapindika, jambo ambalo jino halikubali. Kimaumbile Baba ndiye mwenye haki, maana ni meno ya mbele ya taya la juu. Ila nilifurahi mno kukuta hoja yako imeandikwa miaka 1,800 iliyopita.

Na kuna hili la kwetu. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK unaitaja Rhapta, bandari ya pwani hii ya Afrika Mashariki, na kusema elephas ilikuwa tele huko. Nao walimaanisha pembe, kama wewe unavyosema pembe bila kuongeza "ya ndovu" na kila mtu akaelewa.

Nikija mwezi ujao naomba uifungue tena. Na unikumbushie: bibi aliipata kwa nani, na yeye alikuwa akiiitaje?