Pro ipewe picha kali, gemu zibaki za wote

Mhariri salaam, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, najua mmezoea barua za maji na barabara ila leo nivumilieni, nina jambo la gemu. Mimi nina kibanda cha PS (PlayStation, zile mashine za gemu za Sony) hapa Igoma, mashine tatu, mechi moja shilingi mia tano na anayefungwa ndo analipa, kwa hiyo naongea kama mtu ambaye ugali wake unatoka humo.

Juzi kijana mmoja mteja wangu, anapiga kazi pale mwaloni Kirumba, kaja na hoja kwamba Sony watoe gemu za PS5 Pro peke yake, manake mtu kamwaga hela yote ile halafu anacheza gemu ileile anayocheza mwenye PS5 ya kawaida, sasa kalipia nini? Kibanda kizima kikamuunga mkono, na humo ndani hakuna hata mmoja mwenye Pro! Nilicheka, ila nikabaki naiwaza, na jibu langu ni hapana.

Wasiofuatilia niwaambie haraka. PS4 ilitoka 2013, 2016 ikaja PS4 Pro, 2017 Microsoft nao wakaleta Xbox One X, na Novemba 2024 ikaja PS5 Pro kwa dola 700 kasoro senti tu, na haina hata sehemu ya kuingizia CD, hiyo unanunua pembeni (sie tunaoishi kwa kubadilishana CD hapo tumeshalia). Hizi za Pro na hiyo One X sio kizazi kipya, ni mashine ileile imeongezewa nguvu, picha inakuwa safi na gemu haigandigandi. Sasa mimi jina la kizazi naliona ni ahadi ya muuzaji, kwamba ukinunua hii basi gemu iliyoandikwa PS5 itacheza, basi. PS4 yangu ya kwanza niliipata kwa hela ya mchezo, miezi kumi tunachangishana na wenzangu mpaka zamu yangu ikafika, afu mwaka wa tatu niambiwe gemu mpya haikuhusu, kanunue nyingine yenye jina hilohilo ila imeongezewa neno moja mwishoni? Si uhuni huo.

Na ilishatokea. Nintendo walikuwa na mashine ya gemu ya mkononi, 3DS, wakaleta New 3DS iliyoongezewa nguvu, 2015 ikaja gemu ya Xenoblade Chronicles 3D ambayo kwenye 3DS ya zamani haichezi. Mwenye ya zamani akanuna, na mwenye mpya naye hakuvuna kihivyo, gemu za namna ile zilikuwa za kuhesabu tu, manake mtengeneza gemu gani atawafungia mlango wateja wengi ili awauzie wachache? Hilo vijana wangu hawakulifikiria kabisa. Afadhali hata enzi za mashine yao ya Nintendo 64, gemu ya Donkey Kong 64 ya 1999 ilitaka kipande cha kuongeza memori, ila kile kipande walikiweka humohumo kwenye boksi la gemu.

Kijana alinibana sehemu moja, lazima niseme ukweli. Akanikumbusha gemu ya Cyberpunk 2077, Desemba 2020, kwenye PS4 za kawaida ilikuwa aibu tupu mpaka Sony wakaitoa kwenye duka lao mwezi huohuo, ikarudi Juni 2021. Akasema bora wangeandika tu ni ya mashine kubwa kuliko kuwauzia watu kitu hakichezeki. Kweli, bora unyimwe kuliko uuziwe kibovu. Lakini PS5 si ilikuwa imeshatoka mwezi mmoja nyuma? Wangeipeleka huko, kizazi kipya, jina jipya, kila mtu anaelewa. Sie hatujawahi kulalamika kizazi kikizeeka, PS2 imetupa FIFA mpaka FIFA 14, PS3 mpaka FIFA 19, baada ya hapo tukasema asante tukahama.

Pro yenyewe sina ugomvi nayo. Iwe kama V8 kwenye daraja la Kigongo-Busisi, V8 inapita na Hiace inapita, mwenye V8 kakaa kwenye kiti laini na kiyoyozi, hela yake imeonekana, ila hakuna aliyemwambia wa Hiace arudi akasubiri kivuko.

Na hiyo picha kali yenyewe wanaigombea bure, tv zangu ni za inchi 32, nikiwawekea Pro leo hawataona tofauti yoyote zaidi ya bei ya mechi kupanda.

Yule kijana bado hajakubali, kasema Jumapili anarudi na hoja nyingine. Aje tu, ila kwanza alipe zile mechi nne alizofungwa.

Mwenye kibanda,
Igoma, Mwanza