Nguo nyingi si dawa ya baridi ya theluji

Mhariri,

Kila inapokaribia Desemba, safu yako ya barua huwa na ushauri kwa ndugu walio ughaibuni, na ushauri wenyewe haubadiliki: mtoto avalishwe nguo nyingi, soksi juu ya soksi, sweta juu ya sweta, kisha apakwe mafuta ya mgando usoni. Nia ni njema. Lakini kwa mtoto anayepelekwa na shule kuteleza kwenye theluji kwa skii (zile mbao ndefu zinazofungwa kwenye buti) huku Alberta, Kanada, mwezi wa Januari, ushauri huo ndio unaomgandisha vidole. Tunaomba nafasi tueleze kwa nini. Familia za Waswahili zimeongezeka Edmonton, Calgary na Winnipeg, nyingi zikiwa za Wakongo waliopitia kambi za Tanzania, Uganda na Kenya, na karatasi ya ruhusa ya safari ya skii hufika nyumbani kabla mzazi hajapata kuziona buti za mchezo huo.

Kwanza tuelewane kuhusu mwili wenyewe. Mtoto ana ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, na mafuta kidogo chini ya ngozi hiyo, kwa hiyo hupoa haraka kuliko baba yake aliyesimama pembeni. Isitoshe, akinogewa na mchezo hasemi kitu. Vidole vikishaingia ganzi haviumi tena, na mtoto wa miaka 6 huhesabu kuwa baridi imeisha.

Fulana ya pamba hunywa jasho na kukaa nalo. Mtoto hutoka jasho akijitahidi kupanda na kushuka, halafu anakaa kwenye lifti ya viti inayowarudisha kileleni dakika 5 hadi 10 bila kujisogeza, huku upepo unampiga. Fulana iliyolowa humfyonza joto la mgongoni wakati huo huo, na masweta manne ya juu hayawezi kuizuia. Kinachogusa ngozi kiwe cha sufu, hasa sufu laini ya merino, au cha polista. Sufu hubaki na joto hata ikipata unyevu. Merino ni ghali, hilo hatulifichi. Jezi ya michezo ya mikono mirefu isiyo na pamba ni bora kuliko fulana nzuri ya pamba iliyotumwa kutoka Kariakoo. Soma lebo ya ndani. Ikitaja pamba, hata nusu kwa nusu, iache kwa siku nyingine.

Juu yake mvike flisi moja, yaani sweta la kitambaa laini chenye manyoya. Baridi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri ziwe mbili nyembamba, ili moja iweze kuvuliwa. Mwisho ni jaketi na suruali zinazozuia upepo na maji. Jaketi nene la manyoya ya bata ni zuri kwa mzazi anayetazama, ila mtoto anayeanguka kwenye theluji kila dakika mbili hulilowesha, na manyoya yakilowa hushikana na kupoteza joto. Angalia pia kama suruali ina mkanda wa ndani wenye mpira kwenye pindo la chini la mguu. Mkanda huo huvaliwa juu ya buti, kwa nje, ili theluji isipenye. Watoto wengi tunaowaona wakilia wamechomekewa suruali ndani ya buti.

Kuna kosa linalofanyika hata kabla ya kilima kuonekana. Mtoto anavalishwa kila kitu sebuleni saa moja asubuhi, anapanda basi la shule lenye hita, anafika akiwa amelowa jasho. Siku yake imeshaharibika. Apande basi na nguo za ndani na flisi, jaketi akiwa amelishika mkononi. Avae vilivyobaki anapofika, baada ya kwenda chooni. Wanaompeleka kwa gari binafsi wakumbuke kwamba jaketi nene chini ya mkanda wa kiti cha mtoto huufanya mkanda ulegee bila kuonekana, na hiyo ni hatari kubwa kuliko baridi.

Sasa miguu, maana hapa ndipo penye kilio kikubwa. Buti ya skii ni ganda la plastiki gumu lenye buti laini ndani yake. Haitanuki. Ukimvika mtoto soksi mbili nene, mguu unabanwa, damu inapita kwa shida, na damu ndiyo inayopeleka joto kwenye vidole. Soksi mbili hutoa mguu wa baridi kuliko soksi moja. Iwe jozi moja tu, ya sufu, nyembamba au ya unene wa kati, ndefu hadi chini ya goti, bila mkunjo. Suruali ya ndani iishie juu ya buti. Mshono wake ukiingia ndani hukandamiza mfupa wa ugoko, na mtoto atauona uchungu huo jioni.

Kupima buti si kazi ngumu. Chomoa buti laini, mtoto aingize mguu ndani ya ganda tupu akiwa na soksi, asogeze vidole mpaka viguse mbele. Nyuma ya kisigino pabaki nafasi ya kidole kimoja cha mtu mzima, isizidi viwili. Kununua kubwa "ili akue nayo", kama tunavyofanya kwa viatu vya shule, hapa kuna gharama yake: mguu unacheza ndani, mzazi anakaza vifungo ili usicheze, na vifungo vinakata damu pale juu ya wayo. Kifungo cha juu ya wayo kiwe legevu, vya juu kwenye ugoko ndivyo vikazwe. Kwenye lifti mtoto avilegeze na kuchezesha vidole.

Buti zisilale kwenye gari. Plastiki iliyoganda usiku kucha huanza siku ikiwa baridi kama jiwe, na haitapashwa na mguu mdogo. Zikirudi nyumbani, buti laini ichomolewe ikauke mbali na moto. Jasho la jana ndilo barafu ya leo. Buti za kukodi mara nyingi hutoka kwa mtoto mwingine zikiwa bado na unyevu. Ingiza mkono ndani, na ukihisi ubichi omba jozi nyingine bila kuona haya.

Vile vifuko vya kupasha joto vinavyouzwa madukani vina unga wa chuma unaotoa joto unapokutana na hewa. Kwenye glavu vinafanya kazi, mradi vifunguliwe robo saa kabla na visilale moja kwa moja juu ya ngozi. Ndani ya buti iliyofungwa hewa ni haba, joto ni dogo, na kifuko chenyewe kinakula nafasi ya vidole. Hatuvipendekezi huko.

Mikononi zinafaa glavu za mfuko, zile ambazo vidole vinne hukaa pamoja na gumba peke yake. Vidole vikikaa pamoja hupashana joto. Ziwe na shingo ndefu inayopanda juu ya mkono wa jaketi, na kamba inayopita ndani ya mikono yote miwili ya jaketi, kwa sababu glavu ikidondoka kutoka kwenye lifti haionekani tena. Weka jozi ya pili kavu kwenye mkoba. Watoto hula theluji kwa glavu, wakazilowesha ndani ya nusu saa. Hilo halizuiliki, jiandae tu.

Shingoni, skafu ndefu hairuhusiwi na sisi: hunasa kwenye lifti. Tumia kola ya flisi inayovalishwa kichwani na kushuka shingoni, ikafunika pua. Pumzi huilowesha na kuigandisha mdomoni, kwa hiyo izungushwe, na ya akiba iwepo mfukoni.

Kichwa kinahitaji maneno zaidi, kwa sababu maelezo ya shule hayakuandikwa kwa kuwafikiria watoto wetu. Helmeti lazima ikae chini, juu kidogo ya nyusi, bila kuyumba. Boshori nene chini yake huinyanyua. Boshori jembamba linatosha. Mafundo, rasta nene zilizofungwa juu na shanga huinyanyua vilevile, na paji la uso hubaki wazi kati ya helmeti na miwani ya theluji. Upande huo wazi, mstari wa sentimita 2 tu, ndio unaoganda kwanza. Wiki ya safari msuke mtoto mistari ya kulala, mikia ielekee shingoni, bila shanga. Nywele zioshwe jana yake mapema zikauke kabisa, maana nywele zetu zikisukwa hukaa na maji ndani siku nzima. Hereni za chuma zivuliwe. Na miwani isipandishwe kwenye helmeti wakati wa mapumziko: huingia ukungu kwa jasho, ukungu unaganda, kisha mtoto anaivua ili aone, na macho yanabaki wazi.

Karatasi za shule husema tazama madoa meupe kwenye mashavu na pua. Kwa ngozi nyeusi weupe huo mara nyingi hauonekani. Tafuta sehemu iliyopauka, yenye rangi ya majivu au kijivu, inayong'aa kama nta, na zaidi ya yote iguse: ngozi iliyoanza kuganda ni baridi na ngumu, na mtoto hahisi unapoibonyeza. Kila mkishuka, kidole chako kipite kwenye mashavu, pua na ncha za masikio yake. Hili si la kupuuza. Tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi mara nyingi kuliko wenzao weupe. Mishipa ya damu vidoleni hujifunga kwa nguvu zaidi na huchelewa kufunguka.

Ama mafuta ya mgando, yapakwe midomoni na kwenye mashavu yasipasuke, basi. Hayazuii kuganda. Utafiti uliofanywa kwa askari wa Finland ulionyesha kuwa mafuta ya usoni hayakingi; yanaleta hisia ya joto isiyo ya kweli, na mtu aliyejipaka hujiachia.

Lini mtoto abaki nyumbani? Usiangalie kipimajoto peke yake. Hewa ikiwa imetulia kabisa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, mtoto anayeshuka kwa kilomita 30 kwa saa anajitengenezea upepo wake mwenyewe, na uso wake unapata baridi ya nyuzi 26 chini ya sifuri. Hewa ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, uso unapata 33. Idara ya hali ya hewa ya Kanada inasema kipimo cha baridi ya upepo, yaani baridi ya hewa na upepo vikihesabiwa pamoja, kikiwa kati ya 28 na 39 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30; kikifika 40 hadi 47, ni dakika 5 hadi 10. Januari 2024 Edmonton ilipita nyuzi 40 chini ya sifuri, na siku kama hizo hakuna mavazi yanayompa mtoto sababu ya kuwa kilimani. Sisi mtoto wa chini ya miaka 8 tunamwacha ndani kipimo hicho cha baridi ya upepo kikishapita 25 chini ya sifuri. Mkubwa wake, kati ya 20 na 27, anatoka dakika 20 hadi 30 kisha anaingia ndani, avue glavu na kofia, anywe kitu cha moto, atoke tena. Usingoje aseme anasikia baridi. Saa ya mwalimu ndiyo iamue.

Asubuhi ale chakula cha kushiba, na uji wa ulezi wenye karanga unashinda mkate mtupu. Themosi isuuzwe kwa maji ya moto kabla ya kutiwa chai, vinginevyo inapoa kabla ya saa nne.

Ikitokea ngozi imeanza kuganda, mwingize mtoto ndani. Usisugue, na usithubutu kupaka theluji kama wanavyosema baadhi ya wazee wa huku. Weka kidole kwapani au tumboni kwa mtu mzima. Kikiwa kigumu kabisa, kitiwe kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, ujaribu maji kwa kiwiko chako, kwa karibu nusu saa, maji yakiongezwa joto yanapopoa. Mtoto atalia kwa uchungu damu ikirudi. Hiyo ni dalili njema. Asikisogeze kidole kwenye hita wala moto, kwa sababu hahisi na ataungua. Ikiwa kuna uwezekano wa kuganda tena njiani, usikiyeyushe mpaka afike hospitali. Malengelenge, rangi isiyorudi, au ganzi inayoendelea ni kazi ya daktari siku hiyo hiyo. Na mtoto aliyekuwa akitetemeka, kisha akaacha kutetemeka huku bado yuko kwenye baridi, akawa anajikwaa na maneno yanamkwama, huyo apigiwe 911, namba ya dharura ya huku, mara moja huku mkimvua vilivyolowa na kumfunika blanketi kavu.

Karatasi ya ruhusa ikirudishwa shuleni, mzazi wa mtoto wa chini ya miaka 8 aandike chini yake kwa Kiingereza cha kawaida: kipimo cha baridi ya upepo kikipita 25 chini ya sifuri, mwanangu abaki ndani. Aulize pia kama shule ina buti na nguo za kuazima. Nyingi zinazo, wala hazitangazi.

Wazazi na wasimamizi wa kujitolea wa safari za skii,
Edmonton, Kanada