Deni lile si langu

Majengo, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Salamu sana. Huku sote wazima, isipokuwa goti la bibi yako, na hilo si habari mpya.

Juzi kwenye simu uliniambia, "Mama, si ulipe tu yaishe? Elfu saba ni nini?" Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa naepua mahamri, na mafuta ya moto hayangoji maneno. Sasa nimekaa, nikujibu.

Unakumbuka nilikwenda Sacco kuomba mkopo wa friza. Yule binti wa kaunta akatazama kompyuta, akanitazama mimi, akarudi kwenye kompyuta. "Mama, uko CRB." Yaani nimeandikwa kwenye rekodi za mikopo kwamba silipi madeni. Mimi! Mimi ambaye hata chumvi ya jirani nairudisha kabla ya magharibi.

Nikaomba ripoti yangu. Kila mtu ana haki ya kupata moja bure kwa mwaka, na kampuni zenye leseni ya Benki Kuu ya kuweka rekodi hizo ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Nilikagua zote. Nikakuta mikopo mitatu ya simu: shilingi 850, shilingi 2,600 na shilingi 4,300. Watu husema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi nimeletewa matanga ya harusi ambayo hata pilau lake sikulionja.

Kijana wa kibanda cha simu hapa chini akaniambia nibonyeze *106#, nione laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Nne. Mimi nina mbili. Nilipokwenda kuzifungisha zile nyingine, nikaambiwa zilisajiliwa siku ile ile niliyosajili hii ninayokupigia. Hapo nikakumbuka. Mwembe Tayari, chini ya mwavuli, yule mvulana mwenye adabu nyingi akipiga picha kitambulisho changu. "Mtandao umekataa, mama, turudie." Akarudia. Kisha akarudia tena. Kumbe alikuwa akisajili laini nyingine kwa jina langu, na ndizo zilizokopea. Nami nikamwonea huruma kwa jua lile, nikamnunulia maji.

Sasa sikiliza kwa nini silipi. Nikilipa, nimekubali kwamba deni ni langu. Na deni lililochelewa, hata ukilimaliza leo, alama yake hukaa kwenye rekodi miaka 5 tangu siku ulipolimaliza. Miaka 5, mwanangu! Nitakuwa nimenunua uchafu wa mtu mwingine kwa pesa yangu, kisha nikae nao. Kinachofuta kabisa ni kulipinga.

Basi nikaenda kituo cha polisi kuchukua abstrakti, ile karatasi ya kuonyesha umeripoti. Askari akauliza, "Umepoteza nini, mama?" Nikamwambia, jina langu. Akacheka, halafu akaandika. Binti wa jirani akanisaidia barua ya kupinga: kila deni na nambari yake ya akaunti, nambari ya laini iliyopokea pesa, tarehe ya usajili, nakala ya kitambulisho na abstrakti. Nakala moja kwa kila kampuni ya rekodi, nyingine kwa kila mkopeshaji, na kila nakala niliyobaki nayo imegongwa muhuri wa kupokewa. Hilo la muhuri nilisisitiza mimi. Baba yako, Mungu amrehemu, alifanya kazi bandarini miaka mingi. Karatasi isiyo na muhuri kwake ilikuwa ya kufungia kachiri.

Kanuni zinasema kampuni ya rekodi iweke alama kwamba deni linapingwa, ndani ya siku 5 za kazi, na uchunguzi usipokamilika kwa siku 21, taarifa hiyo ifutwe. Lile la 850 liliondoka upesi. Tangu 2020 hairuhusiwi kumwandika mtu kwa deni lisilofika shilingi 1,000, kwa hiyo halikupaswa kuwemo hata kama ningekuwa nimekopa kweli. La 2,600 limefutwa wiki iliyopita. La 4,300 ndilo lenye kichwa kigumu. Kuna kijana wa huyo mkopeshaji hunipigia, eti nilipe kwanza, uchunguzi baadaye. Nimemwambia aniandikie maneno hayo kwa barua. Hajaandika. Siku zikitimia bila jibu, nakwenda kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, maana sheria ya 2019 inanipa haki ya kudai taarifa ya uongo juu yangu irekebishwe au ifutwe.

Nawe bonyeza *106# leo, kabla hujalala. Najua ulituma picha ya kitambulisho chako kwa WhatsApp ulipotafuta kibarua, kwa mtu ambaye hukumwona uso. Na yale majengo mnayoacha kitambulisho getini, uliza kama leseni ya kuendesha au kadi ya kazi itatosha.

Friza nimeambiwa itaningoja hadi mwisho wa mwezi. Ukija Idi, njoo na sufuria yangu kubwa uliyoazima mwaka juzi. Usidhani nimesahau.

Mamako