Barua kwa Neema: usikubali tena kuambiwa mfupa mzima

Neema shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka Tanga, sisi huku wazima, watoto wazima, mvua imeanza juzi na paa la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana, haya hayo yanatosha, salamu ndefu tutapeana siku nyingine maana leo nakuandikia moyo unanienda mbio. Mama Zuu kanipigia asubuhi anasema umeanguka tena. Pale sokoni Kilombero, hapo kwenu Arusha, unashuka kwenye hiace, mtoto mgongoni. Afu eti ukainuka ukajikung'uta vumbi ukaenda kununua nyanya!

Na mimi juzi tu tumeandikiana, ukaniambia huku shwari. Shwari gani hiyo Neema? Mtoto angeangukia kichwa je? Nimelia kidogo nilivyokata simu, nisikufiche.

Lakini na mimi nina kosa langu. Mwaka jana nilivyofanyiwa operesheni ya kifundo nilikwambia tu nimetoka salama alhamdulillah, basi, sikukueleza kitu. Nilikuwa nimechoka, na pesa yote ya kikoba ilikuwa imekwenda huko, sikutaka kuongelea. Kumbe wewe una tatizo lilelile na unalibeba peke yako. Sasa nakueleza yote, ukae chini usome mpaka mwisho, chai iweke pembeni.

Unakumbuka ile mechi ya netiboli ya form three, kile kiwanja cha vumbi, niliruka kudaka mpira nikatua juu ya kiatu cha yule GD wao mrefu, mlinzi wa goli. Mguu wa kushoto ukapinda kwa ndani, nikasikia pwaa, kama mtu kavunja mhogo mkavu. Jioni mkanibeba mpaka kwa yule bibi wa nyuma ya bweni akanichua na mafuta ya nazi ya moto mpaka nikataka kuzimia. Mtu wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo, aliponisikiliza hiyo stori alitikisa kichwa, akasema kano, ile kamba ngumu inayounga mfupa kwa mfupa, ikichanika leo ukiikandamiza vile siku hiyohiyo unaiongezea damu na uvimbe, siku za mwanzo ni kupumzisha, barafu ndani ya kitambaa, kufunga bandeji na kuinua mguu juu. Bibi wa watu alikuwa na nia njema, Mungu amrehemu. Sisi wiki ya tatu tukarudi uwanjani.

Tangu hapo ndo ukawa ule ugonjwa unaoujua. Natembea vizuri tu afu mguu unaniponyoka. Kwenye mchanga, kwenye kokoto, mara moja sebuleni kwangu kwenye tailizi kavu kabisa. Unavimba siku tatu, unapoa, miezi miwili unarudia. Nikawa nashuka ngazi nimeshika ukuta kama ajuza na nina miaka thelathini na kitu. Na kila nikienda kupimwa, Neema, kila nikienda, eksirei, afu daktari anaangalia picha dirishani anasema mfupa mzima. Nenda na diklofenaki na bandeji. Zahanati moja nimerudi mara nne, mara nne zote mfupa mzima, na hakuna hata mmoja aliyeushika mguu wenyewe. Hilo ndo linaniuma mpaka leo kuliko kisu.

Maana mfupa ulikuwa mzima kweli! Hawakudanganya. Ila eksirei inaonyesha mifupa, kano hazionekani pale. Upande wa nje wa kifundo kuna kano tatu, na ile ya mbele ndo nyonge kuliko wenzake, mguu ukipinda kwa ndani inaanza yeye kuchanika. Ikipona vizuri unasahau. Ikipona imelegea, basi kifundo kinakosa wa kukishika, na wewe unaishi kwa kuviziana na mguu wako mwenyewe.

Aliyenigundua alikuwa daktari wa mifupa kule Dar. Hakuanza na picha. Kanikalisha kitandani miguu inaning'inia, mkono mmoja kashika muundi, mkono mwingine kakumbatia kisigino, akavuta mguu kuja mbele taratibu. Wa kulia haukwenda popote. Wa kushoto ukaja, nakwambia ukaja kama droo ya kabati bovu, na hapo mbele ya kifundo cha nje ngozi ikabonyea kishimo kidogo. Nikauangalia huo mguu nikaona kama si wangu. Akaniambia kipimo chenyewe kinaitwa hivyohivyo, cha droo. Dakika mbili tu, bila mashine. Miaka yote ile, dakika mbili.

Sasa usidhani alikimbilia kisu, hapana. Alinipeleka kwanza kwenye mazoezi miezi mitatu, akasema wengi wanaishia hapohapo wanapona kabisa bila operesheni, kwa sababu misuli ya upande wa nje wa mguu ikipata nguvu na ikijifunza kuwahi, inafanya kazi ya ile kano. Nilikuwa nasimama kwa mguu mmoja nikipiga mswaki, mwanzo sekunde tano nimeanguka, baadaye mswaki mzima, afu macho yamefumbwa, afu juu ya mto wa kitanda. Nilikuwa nafunga mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye mguu wa meza nausukuma kwa nje, thelathini asubuhi thelathini usiku. Haya ANZA LEO, hayo hayadai hela wala daktari, ila ushike ukuta na mtoto awe kwa mtu mwingine.

Mimi baada ya hiyo miezi nilipata nafuu lakini bado uliniponyoka mara mbili. Ndo nikapigwa emarai, ile picha inayoonyesha mpaka kano, wakaona ile kano ya mbele imebaki kama uzi uliofumuka, na gegedu ya ndani, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, ilikuwa bado nzuri. Hilo la gegedu lilinishtua, kumbe kila unapopinda mifupa inagongana humo ndani, ukiacha miaka na miaka inaanza kusagika, na mguu uliosagika hautibiki kwa kukaza kano peke yake. Ndo maana nakuharakisha, si kwamba nakutisha.

Najua utasema watakufanyia majaribio, maana ndo ulivyosema kwa mama yako na jicho lake. Sikiliza. Hii operesheni inaitwa Broström, jina la daktari wa Sweden aliyeiandika 1966, afu 1980 mwingine anaitwa Gould akaiongezea ya kwake, wanavuta na ule utando wa juu ya kifundo wanaushonea hapo kuimarisha. Wewe na mimi hatujazaliwa. Wanachofanya ni kuikata ile kano iliyolegea, kuifupisha na kuirudishia mahali pake kwenye mfupa, kama fundi anavyopunguza kiuno cha sketi. Mimi waliniwekea na vipini vidogo vyenye uzi ndani ya mfupa wa kushikilia.

Siku yenyewe ilikuwa ganzi ya mgongoni, nusu ya chini ikafa, nikawa nipo macho nasikia wanaongea mambo ya foleni ya Mbagala. Wakafunga mkanda wa kubana pajani damu isijae pale wanapofanyia kazi. Baada ya saa moja na kitu nimetoka. Kovu langu ni la sentimita tano hivi, limepinda kama mwezi mchanga chini ya kile kifundo cha nje. Usiku wa kwanza ganzi ilipoisha, hapo nilimwita mama yangu, maumivu yapo, watakupa dawa, uzinywe kwa saa usisubiri mpaka yazidi.

Lakini operesheni ni siku moja. Kazi iko nyumbani na huko hakuna aliyeniandaa.

Wiki mbili nusu plasta, mguu hauguswi chini kabisa, umeinuliwa juu ya mito miwili upite kifua. Wakatoa nyuzi, wakafunga POP, plasta nzima, mpaka wiki ya sita. Magongo yananichubua kwapa mpaka nilipoonyeshwa kwamba uzito unabebwa na viganja. Kuoga nimekaa kwenye kiti, mguu umefungwa nailoni mbili na mpira juu. Na choo, Neema! Choo chetu unakijua, cha kuchuchumaa. Utachuchumaa vipi na mguu mmoja? Shemeji yako akachukua kiti cha plastiki akakata tundu katikati, akakisugua na msasa kisinichane, akaweka na kamba ya kushikia ukutani. Sijawahi kumpenda yule mwanaume kama siku ile. Hayo ndo ya kupanga kabla hujaingia thieta, nani atateka maji, nani atapika, mtoto atabebwa na nani, maana wewe hutabeba mtoto na magongo kwa wakati mmoja.

Kuswali nikawa naswali juu ya kiti miezi minne. Kile kikao cha tahiyatu, mguu wa kushoto unaulaza chini umepinda, ndo haswa pozi linalovuta ile kano iliyoshonwa, fizio aliniambia nisijaribu mpaka aseme yeye. Siku aliyoniruhusu nilirudi nyumbani nikaswali chini, nikakaa pale muda mrefu tu baada ya salamu.

Ngozi ya juu ya mguu ilikuwa na ganzi, ukigusa kama umevaa soksi, kuna mshipa wa fahamu unapita karibu na pale wanapokata, waliniambia mapema na imepungua yenyewe. Na walinikazia kitu kimoja, ukiona shavu la mguu linavimba na kuuma, au kifua kinabana, usingoje asubuhi, damu inaweza kuganda kwa kukaa bila kutembea. Mimi sikupata hayo, namshukuru Mungu. Mwezi wa tatu nikaanza kukimbia polepole, wa sita nimedaka mpira na wasichana wa darasa la saba. Nimeruka, nikatua. Mguu umenishika. Tangu operesheni haujaniponyoka hata mara moja.

Sasa nirudi kwako, maana kuna kitu kimoja kinanisumbua tangu asubuhi. Yule daktari aliniambia nikunje kidole gumba nione kama kinafika kwenye mkono, kupita kiganja, afu ninyooshe viwiko, ninyooshe magoti, nikamuuliza ya nini, mi nimekuja kwa mguu. Akasema kuna watu viungo vyao vimelegea kwa asili mwili mzima, hao wakishonewa kano yao wenyewe inaweza kulegea tena, inabidi kuazima kano kutoka sehemu nyingine ya mguu au kuongezea utepe maalumu. Nikakukumbuka wewe palepale! Si ndo wewe uliyekuwa unatushangaza bwenini, unalaza gumba mpaka linagusa mkono, na viwiko vinapindia nyuma? Tulikuwa tunacheka. Sasa hilo ndo jambo la kwanza umwambie daktari, kabla ya kitu chochote, usisubiri akuulize. Na umwonyeshe viatu vyako vya zamani, soli kama imelika upande wa nje tu ajue, kama kisigino kimeinamia ndani wakati mwingine wanarekebisha na mfupa wa kisigino, la sivyo kano mpya inavutwa kila siku.

Wewe uko Arusha, hospitali ya KCMC hapo Moshi ni safari ya asubuhi, wana madaktari wa mifupa na watu wa fizio wanasomeshwa palepale. Nenda. Na mtu akikwambia mfupa mzima, mjibu kwa adabu tu, daktari naomba unishike mguu.

Sijui kwa nini Mama Zuu ndo ananiambia na si wewe. 

Sasa nijibu haya, na unijibu ya kweli: mguu unavimba mpaka wapi saa hizi? Unaweza kukanyaga hatua nne bila kushika kitu? Ukibonyeza ule mfupa wa kifundo kwa nyuma, panauma? Kama hatua nne zinakushinda au mfupa wenyewe unauma, nenda eksirei leoleo, safari hii unaweza kuwa umevunjika kweli. Umeponyoka mara ngapi tangu Krismasi? Baba Ivan anajua? Bima yako bado ina kazi, na umeuliza kama inalipia? Na kama utafanyiwa, nije mimi wiki mbili za mwanzo? Shule zinafungwa mwezi wa sita, nikija na mwanangu mdogo utatulaza wapi?

Ule mkanda wangu wa kifundo, wa kufunga kwa kamba kama buti, siuhitaji tena, nimeufua nimeuanika. Kesho alfajiri naupeleka stendi unakuja na basi la Arusha, nimeandika jina lako na namba, risiti nitakupigia picha. Miguu yetu ilikuwa namba moja, thelathini na tisa, au imebadilika baada ya kujifungua? Uvae ndani ya raba, si kandambili, na hiace ushuke taratibu. Mtoto mpe kondakta akushikie.

Wako,
Mwana