Mtoto Anayeosha Sahani Safi: Barua ya Wazi kwa Wazazi wa Kijiji Chetu

Kamwene, wanangu.

Naandika nikiwa nimekasirika, na ni afadhali niseme mapema ili asiyetaka kugombezwa aishie hapa. Wengi wenu nimewashika mkono mkiandika herufi ya kwanza. Wengine niliwachapa viganjani kwa ajili ya jedwali la saba, jambo ambalo leo nisingelifanya. Kwa hiyo mkisikia sauti ya darasani humu, mnajua ilikotoka.

Mwaka huu wa masomo nimeuona kwa karibu kuliko miaka yote tangu nistaafu. Januari mliniingiza kwenye kamati ya shule, nadhani mkitaka kumpa bibi kiti cha kukalia kwenye mikutano. Mimi nikajipangia Jumatano. Kila Jumatano nilishuka shuleni, nikakaa na darasa la pili wakinisomea kwa sauti, kisha nikabaki hadi saa saba mchana wapishi wanapopakua makande.

Ilikuwa Machi, mvua na ukungu, baridi ile ya kwetu Mufindi inayopenya hata sweta mbili. Watoto walipanga foleni jikoni na sahani zao za plastiki. Binti mmoja wa darasa la tatu hakupanga foleni. Alisubiri wenzake waanze kumaliza, akaenda nao bombani, akafungua maji, akaisugua sahani yake kwa vidole, akaikung'uta, akairudisha kwenye begi. Jumatano iliyofuata akafanya hivyohivyo. Ya tatu nilikwenda kusimama karibu na bomba. Sahani ile ilikuwa kavu na haina hata ganda la harage.

"Umekula, mjukuu wangu?"

"Nimeshiba, bibi."

Nilikwenda kutazama daftari la stoo. Jina la mzazi wake lilikuwa kwenye ukurasa wa wasiochangia mahindi ya chakula cha shule. Mtoto alikuwa anaosha sahani safi ili wenzake wasijue kwamba hakula. Hakufundishwa na mtu, aliibuni mwenyewe hila ile, na ana miaka tisa.

Sasa nani alisema asiyechangia asile? Tulisema sisi. Februari, kwenye kikao cha kamati, mjumbe mmoja alitoa hoja kwamba tukiwalisha wa wasiotoa, wanaotoa nao wataacha. Ilisikika kama hoja ya haki. Mikono ilinyooshwa, na wangu ulikuwemo. Ndiyo maana hasira hii nimeianzia nyumbani kwangu. Na kabla majirani hawajalisema kwa niaba yangu, niliseme: mwanangu wa tatu naye alikuwa kwenye ukurasa uleule. Nilimlipia kimyakimya, nikakosea tena, maana nilipaswa kumpeleka jikoni akaone kwanza.

Basi tukafika Septemba. Darasa la saba wamemaliza mtihani, mahafali yamewadia. Jamani! Kila mzazi wa mhitimu alitoa shilingi 25,000, na hakuna aliyefuatwa na mgambo. Spika ndefu kuliko mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu. Mshereheshaji kutoka Mafinga mjini. Keki ya ghorofa tatu ambayo ilibidi ishikiliwe na watu wawili barabara nzima isiporomoke. Watoto wamevishwa mashada ya karatasi za kumetameta, na baba mmoja aliingia akicheza, akimtuza binti yake noti moja baada ya nyingine huku akigeuza uso kuhakikisha simu inampiga picha. Pilau ililiwa chini ya turubai. Wa darasa la kwanza hadi la sita walikuwa madirishani.

Baba yule ndiye baba wa binti wa bombani. Aliyetuzwa ni dada mkubwa.

Sisemi watoto wasisherehekewe. Miaka saba si mchezo, na kuna mama pale alilia machozi ya kweli kwa sababu yeye mwenyewe hakuvuka darasa la nne. Ninachouliza ni kwa nini mkono wetu ni mwepesi penye spika na mzito penye sufuria. Fedha aliyotoa mzazi mmoja siku ile ingenunua mahindi ya mtoto ya mwaka mzima kwa bei ya baada ya mavuno, na chenji ya chumvi ikabaki.

Mnadhani nakuza mambo? Chukueni kalamu. Mwaka wa masomo una siku 194. Mpeni mtoto gramu 200 za mahindi kwa siku. Zidisheni: ni gramu 38,800, yaani kilo 38 na ushei. Hizo ni debe mbili. Debe mbili, wanangu, katika wilaya ambayo mtu anauza gunia la lumbesa bila hata kulipima! Ongezeni kilo chache za maharage na mchango mdogo wa kuni na wapishi, hesabu imekwisha. Haihitaji mfadhili wala mradi.

Nilipolisema hili mkutanoni, kijana mmoja wa nyuma alijibu, "Elimu ni bure, bibi." Wakacheka. Mwanangu, sikia. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 uliondoa ada na michango, na Januari 2016 watoto wakafurika madarasani kwa mamia. Ni jambo jema, hata mimi nililishangilia. Lakini waraka uliofuata, Namba 3 wa 2016, uligawa majukumu waziwazi, na kwa upande wa mzazi ukaweka sare, vifaa vya kuandikia na chakula cha mtoto anayesoma kutwa. Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni, alikuwa anawakemea walimu waliokuwa wakirudisha watoto nyumbani kwa ajili ya fedha. Ninyi mkasikia kwamba mmefunguliwa minyororo. Serikali inapeleka ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka mzima, na sehemu ya hiyo ni ya vitabu. Nani kati yenu anaweza kumlisha kuku mmoja kwa mwaka kwa fedha hiyo?

Mimi ni mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Vijana hamjui neno hilo. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi ilitaka kila mtoto asome na walimu hawakutosha, basi wakatuchukua sisi tuliomaliza darasa la saba. Tulifundisha mchana, jioni tukasoma wenyewe kwa redio na kwa masomo ya posta. Watu walitucheka, walimu wasio na sekondari. Lakini shule ile niliyoanzia ilikuwa na shamba. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshaandika Elimu ya Kujitegemea, 1967, na ingawa wapo walimu wakuu waliogeuza neno hilo kuwa vibarua vya bure (tuseme ukweli), kwetu mahindi ya shamba la shule yaliingia sufuria ya shule. Mwezi wa pili, nyumbani ghala likiwa tupu, mtoto alikuja shuleni kwa sababu uji upo.

Na sisi tuna shamba. Tulikuwa nalo, niseme. Ekari nne nyuma ya nyumba za walimu, udongo mwekundu mzuri. Nendeni mkalitazame leo. Mipaina! Kikao kimoja cha miaka ile homa ya mbao ilipopanda kiliamua shamba la shule liwe "mradi wa miti", kwa kuwa kila mtu Mufindi anapanda miti na sisi tusionekane wajinga. Paina inataka miaka kumi na zaidi ndipo upasue mbao ya maana. Mtoto aliyekuwa chekechea siku ile atavunwa yeye kwanza kabla ya mti. Hakuna aliyeuliza hawa waliopo watakula nini katikati. Mimi mwenyewe nina miti, namsomeshea mjukuu chuo kwayo, siichukii. Lakini shamba la miti unapanda baada ya kupata shamba la chakula. Mama yeyote mwenye jiko anajua mpangilio huo.

Kuna jambo hunitia aibu nikiwa safarini. Ukisema unatoka Iringa watu wanakwambia, "Kwenu chakula kipo." Ni kweli. Miaka mingi mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini imekuwa ghala la nchi. Mashirika yaliyokuwa yanalisha watoto shuleni yalikwenda Dodoma na Singida, kwenye ukame. Kwetu hawakuja, kwa kuwa sisi tunashiba. Halafu unaisoma takwimu ya utafiti wa afya wa taifa wa 2022: watoto walio chini ya miaka mitano waliodumaa ni asilimia 30 nchi nzima, na mkoani kwetu Iringa ni zaidi ya nusu. Njombe na Rukwa wanatufuata. Wanaolima ndio wanaodumaa! Sababu tunazijua, tunaona haya kuzitaja. Ugali asubuhi kiporo, mchana ugali, usiku ugali. Yai linauzwa, maziwa yanauzwa, parachichi zuri linauzwa. Mama yuko shambani tangu alfajiri na mtoto ameachiwa mtoto. Baba yuko kilabuni. Mtoto huyohuyo aliyedumaa akifika darasa la tatu bila chakula cha mchana, mnamlaumu mwalimu kwamba hajui kusoma.

Mengine nitayasema kwa mkato, maana nikiyafungua yote hatulali. Kagueni madaftari, hata asiyejua kusoma anaweza kuona kama mwalimu ametia alama. Msimu wa ulanzi, mtoto asitumwe dumu la kilabuni asubuhi ya siku ya shule. Kuchuma chai na kubeba mbao si kazi ya mwenye sare. Mabinti waliomaliza Septemba msiwaahidi kwa shangazi wa Dar es Salaam anayetafuta msichana wa kazi kabla hata matokeo hayajatoka. Na akina baba, mkutano wa Machi mlikuja sita. Siku ya mpaka wa ardhi mlijaa hadi nje.

Nisije nikaonekana sioni mema. Boma la vyumba viwili mlilolipandisha hadi usawa wa lenta ni kazi ya mikono yenu, na vijana wa bodaboda walisomba mchanga Jumamosi tatu bila kudai mafuta. Nilipita pale jioni moja nikakuta wamekaa juu ya tofali wanakula miwa, wamechafuka, wanacheka kama walivyokuwa wakicheka darasani kwangu. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Wapishi wetu wawili, ambao posho yao ilichelewa miezi miwili, hawakuacha kuja hata siku moja. Na darasa la pili! Januari niliwakuta watoto kumi na saba wasioweza kusoma sentensi nzima, Novemba walibaki wanne, kwa kazi ya mwalimu wao na masaa machache ya bibi kizee. Wale wanne nawafahamu kwa majina. Watatu wao walikuwa kwenye ukurasa ule wa stoo.

Wakubwa nao wasinisikilize kwa raha. Kiongozi anakuja kukata utepe wa choo cha matundu manne, anapikiwa kuku, anahutubia saa mbili watoto wakiwa juani, anaondoka bila kuchungulia jikoni. Boma letu lisiangushwe na upepo likingoja bati kutoka juu. Hayo nitayasema kwa barua nyingine, nina wino.

Sasa Januari. Nimeomba nafasi kwenye kikao cha kamati, na nitatoa hoja tatu. Kwanza, ukurasa wa wasiochangia ubaki kwa mwenyekiti wa kitongoji amfuate mtu mzima nyumbani kwake, usifike jikoni kamwe. Kila sahani ipakuliwe. Pili, tumekuwa tukidai mahindi Januari, mwezi ambao mama anakwangua chini ya kihenge na mbolea inamdai, halafu tunashangaa hana. Mahindi yadaiwe Julai, yakiwa bado uani hayajapimwa na dalali. Kwa miezi hii sita ya mwanzo, wenye akiba wakopeshe shule, iandikwe kwenye daftari, nao warudishiwe mavuno yakiingia. Tatu, ekari moja ya mipaina ing'olewe. Najua mtapiga kelele. Pigeni, lakini mje.

Baba wa binti wa bombani nimeongea naye. Sitaandika tuliyosema, ila hakujua. Alidhani watoto wote wanakula tu, kama yeye alivyokula enzi zake. Ameahidi.

Mimi nimeshapeleka debe nne, mbili za mjukuu na mbili za yeyote. Stoo itafunguliwa Jumatatu ya wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, saa tatu asubuhi, na nitakuwepo na mizani. Mahindi yawe yamekauka, ukiyauma yalie. Yenye fukusi rudi nayo. Magunia yatarudishwa kwa wenyewe, kwa hiyo wekeni alama. Langu lina uzi mwekundu mdomoni, na safari iliyopita kuna mtu aliondoka nalo.

Ni mimi,
Bibi Mwalimu, kitongoji cha juu